Jiwe Lisilokuwemo Kwenye Wali

Shoga, nimeaibika.

Unakumbuka nilivyomlaumu mkwe wangu, mke wa mwanangu, kwamba jiwe la wali wake limemegua jino langu la bandia la kaure? Leo amenisindikiza kwa daktari, amenibebea hata mkoba.

Kabla ya kuliziba jino kwa resini, ile dawa ya kujazia meno, daktari alilitazama, akauliza, "Mama, unakata nyuzi kwa meno?"

Mimi, fundi cherehani kwa miaka thelathini! Nikajifanya pamba aliyonitia mdomoni imenizuia kusema.

Mkwe wangu akamjibu, "Hapana, daktari. Kosa ni langu, sikupembua mchele vizuri."

Kosa ni langu! Alisema hivyo, shoga.

Jino limezibika, palipomeguka hapaonekani. Tuliporudi, mume wangu akamtania, "Mkwe, safari ijayo tupikie uji!"

Yeye akainamisha kichwa. Mimi nikacheka.

Nilicheka, shoga.