Mfereji Kati ya Mizabibu ya Juu

Nyumbani, kando ya ghala la mapipa,
Jumatano, mvua ikiendelea.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepunguza ukorofi. Sisi tu wazima, ila usingizi umetususa.

Unajua mwenyewe shamba letu lilivyo. Chini, kwenye udongo wa mfinyanzi, maji yanakaa, zabibu zinanenepa, na divai yake ni laini lakini haidumu mdomoni. Juu ni kokoto tupu. Mizizi inahangaika, zabibu ni ndogo zenye ganda gumu, na divai yake inakushika ulimi hata ukishameza. Baba huzichanganya: ya chini itoe nyama, ya juu itoe mfupa. Bila ya juu, anasema, tungekuwa tunauza juisi.

Mwaka huu mvua imetuvamia zabibu zikiwa zimebakiza kidogo kuiva. Za chini tulizivuna haraka zisioze. Kisha Kaka akapanda juu kabisa ya shamba, mguu wake ukazama kwenye ufa. Maji yalikuwa yanaingia humo badala ya kuteremka. Mteremko ukimeguka, unaangukia ghala na nyumba. Kaka akataka tuchimbe mfereji wa kuyatoa pembeni, lakini njia pekee ilipita katikati ya mizabibu mliyopanda wewe na Baba ujanani.

Baba akakataa katakata. "Hiyo ndiyo divai yenyewe. Mkiikata mmenikata mimi."

Wakavutana hadi wakaacha kusalimiana. Mimi nikawa posta, napeleka maneno chumba hiki na kile, huku ufa ukizidi kupanuka.

Jumamosi Mama hakumuuliza mtu. Alibeba sururu akapanda, nasi tukamfuata mbio. Baba akamzunguka, akasimama mbele ya mzabibu wa kwanza, maji yakimchuruzika usoni.

"Utanipiga kwa sururu?"

"Sogea, baba watoto," Mama akamwambia taratibu. "Nina nyumba huko chini."

Mara ukuta wa mawe unaoshikilia udongo wa mteremko, nyuma yao, ukaporomoka. Si wote, kipande tu, ila ardhi ilitetemeka miguuni. Nilimkumbatia Mama kiunoni, kana kwamba ningeweza kuuzuia mlima usiondoke naye. Baba aliutazama ufa. Kisha akaichukua sururu mkononi mwa Mama, na mzabibu wa kwanza akaung'oa mwenyewe.

Tulichimba wote hadi viganja vikachubuka. Maji yalipopata njia yalitoka ya kahawia, kwa kelele, yakakimbilia korongoni. Tangu hapo ufa haujasogea. Siwezi kukuambia tumepona. Mvua bado ipo, na kila bati likilia nakurupuka kitandani.

Zabibu za mizabibu tuliyoing'oa tulizikamua jana, juisi yake kali mno. Kaka alitaka kuimimina pamoja na ya chini. Baba, ambaye hakuwa amemsemesha tangu ugomvi, akaziba mdomo wa pipa kwa kiganja.

"Hiyo itafutie pipa lake," akamwambia. "Dada yangu lazima aionje."

"Sawa, Baba," Kaka akajibu, akaenda kuliosha.

Basi uje, Shangazi. Mama anakusalimu sana, na Kaka pia. Wabusu binamu zangu, hasa yule mshonaji. Mungu akuweke pakavu, wewe na wote walio chini ya paa lako.

Wako akupendaye,
binti wa kaka yako,
Chiriku