Kocha Wanayemwita Mwoga

Alexandria, Virginia
Jumapili, 18 Oktoba 1998

Dada yangu mpendwa Chepngetich,

Nakusalimu wewe, namsalimu Kogo, nyanya yetu, na wote waliomo katika boma letu huko Kapsabet. Natumaini barua hii itakukuta kifua chako kimepona na darasa lako limetulia baada ya ule upepo uliong'oa mabati. Sisi huku tu wazima. Mama bado anawalea wazee kule Rockville. Miguu humvimba lakini hataki tuizungumzie. Baba yuko palepale Arlington kwenye maegesho ya magari, ndani ya kibanda chake cha vioo. Mimi nasoma. Nimemaliza vitabu vyote vya Kiswahili katika maktaba ya mtaa, yaani vitatu, kwa hiyo ukimpata mtu anayesafiri kuja huku, tafadhali nikumbuke.

Uliniuliza habari za mpira wa kaka yetu Kibiwott, na kwa nini Baba akikupigia simu siku hizi hazungumzi lolote ila kumtukana mtu fulani usiyemjua. Nitakueleza yote. Vuta kiti.

Mpira wao una umbo la papai changa, na huchezwa kwa mikono kuliko miguu. Kazi ya Kibiwott ni kukimbia mbele, kugeuka na kuudaka unaporushwa. Timu ina kocha mkuu, na chini yake kuna kocha wa mashambulizi. Huyo ndiye anayeamua, kila timu inapoushika mpira, nani apewe na apitie wapi. Mwaka huu chuo cha Kibiwott kimeleta kocha mpya wa mashambulizi anayeitwa Collins, mtu mrefu mwenye shingo nyembamba, aliyetoka katika chuo kidogo ambacho hata Wamarekani wenyewe wanauliza kiko jimbo gani. Tangu aje, mpira haumfikii Kibiwott. Kaka yetu hupangwa pembeni kabisa, hukimbia kando ya mstari kama mtu anayefukuza basi lililokwisha kuondoka, na mpira hurushwa upande mwingine.

Basi ungewasikia mashabiki! Redioni watu hupiga simu asubuhi kumtukana Collins kabla hata ya kunywa kahawa. Uwanjani, nyuma ya viti vyetu, huketi baba mzima aliyejipaka rangi za timu usoni, na kazi yake ni kupiga kelele kwamba mbwa wake angepanga mchezo vizuri zaidi. Mimi sikujua kwamba watu wazima wanaweza kumchukia kiasi hicho mtu ambaye hajawahi kuwakanyaga hata mguu.

Lakini hao ni afadhali. Mashabiki wabaya kuliko wote wako sebuleni kwetu. Kila Jumapili baada ya ibada huja kutazama kanda ya mchezo wa Jumamosi, na Mama humimina chai hadi birika linachoka. Mwenyekiti ni Bwana Njuguna, dereva wa teksi, kwani unajua Wakenya watatu wakikutana huku lazima mmoja awe mwenyekiti. Yuko Mama Aketch, anayefanya kazi na Mama yetu na ambaye sauti yake haihitaji simu. Yuko Mzee Macaire, Mkongo wa hotelini, mpole kanisani na mkali mbele ya televisheni. Na yuko Baba. Miaka mitano iliyopita hakuna hata mmoja wao aliyejua mpira huu. Sasa wote ni maprofesa.

Bwana Njuguna husema kwamba Collins hawezi kupewa hata mbuzi watatu awafikishe mtoni. Mama Aketch hulia, "Woi, jamaa ana-waste mtoto wa wenyewe!" kisha huomba maandazi. Mzee Macaire hutikisa kichwa na kusema, "Ile kocha ni ya bule. Ya bule kabisa, haina kitu mu kichwa." Baba hasemi mengi. Yeye ana neno moja tu, na hulitamka polepole kama mtu anayepigilia msumari: mwoga. Anasema Collins ni mwoga, anaogopa kurusha mpira mbali, na mwoga akipewa wanaume wa kuwaongoza huwaharibu wote.

Mwezi uliopita waligundua jambo ambalo waliliona kubwa sana. Katika timu kuna kijana mwingine anayeitwa Collins, na huyo hupewa mpira mara nyingi. Bwana Njuguna alisimamisha kanda, akasimama, akatangaza kwamba sasa mambo yako wazi: ni ukabila. Kocha anawalisha watu wa mlango wake. Nilijikaza, nikasema kwa sauti ndogo kwamba huku watu maelfu huitwa Collins bila kuwa na undugu, na kwamba kocha ni Mzungu na yule kijana ni mweusi kuliko sisi. Walinitazama kama mtoto aliyemwaga uji. Bwana Njuguna akasema, "Jerotich wangu, wewe soma vitabu. Huyo anaweza kuwa mjomba upande wa mama." Na wote wakakubaliana, Dada, kwamba ni mjomba.

Hapo ndipo ilipozaliwa kamati. Waliamua kumwendea kocha kama wazazi wanavyomwendea mwalimu mkuu huko nyumbani: ujumbe wa wazee, nguo za kanisani, na kitu mkononi. Niliwaambia tena kwamba huku mambo hayaendi hivyo, kwamba Kibiwott atachekwa na wenzake. Baba akanijibu kwamba mtoto hachekwi kwa sababu ya kuwa na wazazi. Wakanipa kazi ya ukalimani. Wote wanajua Kiingereza, lakini Mama Aketch alisema jambo zito halisemwi kwa lugha ya kazini, na tena tukizungumza Kiswahili tutaweza kushauriana mbele yake bila yeye kusikia.

Tulikwenda Alhamisi, tukiwa tumebanana katika teksi ya Bwana Njuguna, na Mama Aketch amekipakata kile kibuyu cha Kogo chenye mursik, maziwa ya mkaa ambayo Mama aliyagandisha kwa majuma mawili. Njia nzima walikuwa simba. Mmoja angemwambia hivi, mwingine angempigia meza. Tulipofika ofisini na kocha akasimama kutuvutia viti, simba wote wakawa kondoo. Bwana Njuguna alivua kofia. Mzee Macaire aliinama kama anamkaribisha mgeni hotelini. Nilitamani sakafu inimeze, si kwa sababu ya kocha, bali kwa sababu ya hao waliokuwa wakinguruma dakika chache zilizopita.

Kocha alimwita Kibiwott naye awepo. Alikuja akasimama karibu na mlango, akitazama viatu vyake.

Kisha mashauriano yakaanza. Huku akitabasamu, Mama Aketch alisema kwa Kiswahili, "Hebu oneni shingo, kama ya kuku aliyenyonyolewa." Mzee Macaire akasema huyu hawezi kuongoza hata baiskeli. Kocha aliniuliza wamesema nini. Nikamwambia wanashukuru kwa muda wake. Walimmiminia mursik katika kikombe chake cha kahawa, wakamkazia macho wakingoja akunje uso. Hakukunja. Alikunywa yote, akabaki na masizi ya mkaa kwenye mdomo wa juu, na wao wakabanwa na kicheko kama watoto wa darasa lako. Dada, niliwadharau siku ile jinsi ambavyo sikuwahi kumdharau mtu.

Ndipo Baba aliponiambia niulize. Alisema, "Muulize kama anaogopa. Usilipambe." Nikauliza. Kocha hakukasirika. Aliweka kikombe mezani, akanijibu kwamba uamuzi wa kumweka Kibiwott pembeni ni wake peke yake, na kwamba wakitaka mtu wa kumlaumu, wamlaumu yeye. Kisha akasema niwaambie ndiyo, anaogopa kidogo.

Nilitafsiri. Uso wa Baba ulichanua. Kurudi kwenye gari walikuwa wanakaribia kucheza ngoma. "Amekiri! Amekiri na kinywa chake!" Bwana Njuguna alirudia hadi akasahau ameegesha wapi, wakaanza kubishana, huyu anasema ghorofa ya pili, yule anasema ya tatu. Mimi na Kibiwott tulibaki nyuma kwenye ngazi.

Sasa nakuambia jambo ambalo ndilo sababu ya barua hii.

Unakumbuka tulikuandikia mwaka jana kwamba Kibiwott aligongwa katikati ya uwanja, akiwa ameinua macho kuutazama mpira, akatolewa kwa machela. Baba hulisimulia kanisani kama ushujaa: alianguka, akaamka. Kweli aliamka. Lakini pale kwenye ngazi kaka yetu alinishika mkono wa sweta, akaniambia kwa Kiingereza, maana mambo mazito sisi huyasema kwa Kiingereza, kwamba tangu siku ile hajaweza kuuona mpira ukija. Ukirushwa kuelekea katikati, macho yake hufumba yenyewe. Usiku huusikia ule mgongano, akaamka amekaa. Mwezi wa Agosti, wakati wa mazoezi, kocha mpya alikuwa akitazama kanda akaona uso wa Kibiwott umefumba macho. Hakumwambia mtu. Alimwita peke yake, akamuuliza, na Kibiwott akalia mbele yake. Kocha akamwambia kwamba hatampeleka katikati hata mara moja hadi yeye mwenyewe aseme yuko tayari, au aseme anataka kuacha, na kwamba lolote atakalosema, chuo kinachomsomesha kwa ajili ya mpira hakitamfukuza masomoni. Alimuuliza kama wazazi wanajua. Kibiwott akamsihi wasijue. Kocha akajibu kwamba neno hilo ni la Kibiwott kulisema, yeye hatalisema kwa niaba yake.

Kwa hiyo, Dada, pale ofisini Baba alipouliza ni nani mwoga, walikuwepo watu wawili waliojua jibu. Mmoja alikuwa mlangoni akitazama viatu. Mwingine alikuwa na masizi mdomoni, akalichukua neno lile akajivika mwenyewe.

Mimi niliyetafsiri nilikuwa nimemdharau pia. Niliwaona wazee wajinga, lakini moyoni nilisema angalau kuhusu kocha wamesema kweli.

Nilianza kukuandikia ili nikuombe wewe umwambie Baba, kwa kuwa wewe ni kifungua mimba, naye hukusikiliza hata anapokasirika. Kibiwott mwenyewe ameniruhusu. Alisema, "Tell her. Tell anyone, I'm tired," yaani nimwambie yeyote, amechoka. Anaogopa uso wa Baba kuliko anavyoogopa wale majitu wa katikati ya uwanja. Hujui jinsi Baba anavyolitamka neno hilo.

Lakini kamati iko sebuleni ninapoandika. Jana timu ilifungwa, na kanda wanaitazama kwa mara ya pili. Wameamua kumwandikia mkuu wa chuo barua ya kutaka Collins afukuzwe, na ushahidi wao mkubwa ni kwamba amekiri ni mwoga. Mimi ndiye wa kuiandika, kwa kuwa Kiingereza changu ni cha vitabu. Baba ameniita mara mbili, nimejibu kwamba nina kazi ya shule. Barua hii itachukua majuma mawili kukufikia, simu iko sebuleni katikati yao, na ile yao wanataka itiwe posta kesho. Nilipofika hapa niliona kwamba haiwezekani kukungoja.

Ameniita mara ya tatu. Sijawahi kusema neno likasikika hadi mwisho mbele ya watu wale, wewe wanijua. Nitamwomba Baba aje huku chumbani, wawili tu, na Bwana Njuguna anaweza kuwa mwenyekiti wa chai. Kwanza nitamwambia kwamba sitaiandika barua yao. Kisha nitamwambia ni kwa nini, na nitatumia neno lake lilelile, nione kama ataweza kulitamka tena polepole.

Msalimie Kogo sana. Mwambie kibuyu chake kimerudi salama na kwamba Mzungu aliumaliza mursik wote. Mwombe pia kwamba tukipiga simu asimuulize Kibiwott kama ameshinda. Amuulize kama analala. Wasalimie walimu wenzako na jirani zetu wote wa mlango wa juu. Mungu akulinde kifua chako, na unijibu hata kama ni mistari michache.

Nami ni mdogo wako akupendaye,

Jerotich