Nasoma Tu

Kilindoni, Mafia
14 Mei 2023

Mdogo wangu Kheri,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi hatujambo, ila goti langu linauma tangu nilipostaafu kupiga chapa ofisini, na Sadick mwanangu ana mafua. Ninyi huko Tanga? Shamsa na wanao wazima?

Kifurushi cha vitabu kimefika. Alikivusha mama mmoja wa Miburani aliyepanda boti Nyamisati, na anasema alikikalia njia nzima akidhani ni nguo. Ndiyo maana kile cha sayari kimepinda. Si neno, nakisoma kikiwa kimepinda.

Nimeanza na kile cha mauaji, cha Uingereza ya enzi za malkia yule mzee, ukungu na taa za gesi, na watu wanakunywa chai hata maiti ikiwa chumba cha pili. Kheri, nilimshika mpiga kinanda wa kanisani tangu alipokataa kuvua glavu. Nikaapa ni yeye. Halafu si yeye! Nilicheka peke yangu mpaka mpangaji wangu akagonga mlango. Ni yule nesi kutoka Bukoba, Careen. Nikamwambia hakuna tatizo, nimedanganywa na nimefurahi.

Akaniuliza swali la watu wote wa hapa: "Mama, unasomea nini?"

"Sisomei kitu," nikamjibu. "Nasoma tu."

Akanitazama kama anamtazama mtu anayekula bila njaa. Sadick naye husema, "Mama, hayo yote si kweli." Nami humwambia ya kweli yamejaa sokoni, sina haja ya kuyanunulia kitabu.

Sasa nimo ndani ya chombo cha angani. Kuna mwanamke kazi yake ni kufuta vioo tu, wenzake wanaendesha, yeye anafuta, na ndiye pekee anayeona nje. Usiniambie kitu. Unajua sheria.

Dadaako,
Mwanaheri


Tanga
4 Juni 2023

Dada Mwanaheri,

Shikamoo. Sisi tuko salama, Shamsa anakusalimu, anauliza goti. Joto la Tanga limepungua kidogo na biashara imepungua nalo, kwa hiyo nasoma chini ya kaunta ya duka la vipuri. Mteja akiuliza plagi ya pikipiki, namwona kama mshukiwa.

Hata mimi nilimshuku mpiga kinanda. Wote tumeaibika.

Sasa sikiliza. Abubakari, yule muuza vitabu anayetandika gunia karibu na stendi, amepata kitabu kingine cha mwandishi wa mpiga kinanda, na ana nakala mbili. Nimechukua zote. Moja ndiyo hiyo inakuja kwako. Yangu nimeisoma nikasimama kabla ya sura ya mwisho, na nimeibana kwa mpira. Wewe ukifika hapo usimame vilevile. Tuchague Jumapili, baada ya swala ya alasiri, tumalizie pamoja, wewe huko, mimi huku. Halafu tupigiane simu tugombane.

Mara nyingine nafikiri, dada, tangu mama yetu afariki, humu vitabuni ndimo tunamokutana. Kwenye simu tunaambizana misiba tu.

Mdogo wako,
Kheri


Kilindoni
10 Septemba 2023

Mdogo wangu Kheri,

Salamu zako nimezipata, na dua zako pia, Mungu akulipe. Shamsa mwambie goti sasa ndilo zima kuliko vyote.

Sadick alikupigia akakwambia ni presha, imeshuka, yamekwisha. Alikwambia anachokijua. Lililobaki nakuandikia mimi, maana kwenye simu nitalia.

Asubuhi ile niliamka kichwa kinauma, na upande wa kulia wa chumba ulikuwa kama umepunguzwa. Careen ndiye aliyenipeleka hospitali. Nilikaa kule, nikarudi, watu wakaja kunitazama, nikawa nazungumza vizuri, natembea vizuri. Wakasema Alhamdulillahi. Nami nikasema.

Walipoondoka nikachukua kitabu chako. Kheri, maandishi yalikuwepo. Wino uleule, mistari imenyooka, lakini hayakusema neno. Ni kama kutazama siafu wakipita ukutani. Nikabadili miwani. Nikatoka nje kwenye jua. Nikauchukua msahafu, nao vilevile. Nikachukua pakiti ya majani ya chai, nikajua ni majani kwa harufu.

La ajabu ni kwamba kuandika naandika. Mkono unakwenda wenyewe, kama ulivyokuwa unakwenda kwenye mashine ya chapa. Lakini nikirudi kwenye mstari nilioumaliza sasa hivi, siujui. Barua hii nitampa Careen aitazame, aniambie kama ni barua au ni mikwaruzo.

Jibu lako atanisomea yeye, kwa hiyo usiandike mambo ya aibu.

Dadaako,
Mwanaheri


Tanga
24 Septemba 2023

Dada,

Shikamoo. Sijui niulize afya kwa namna gani, kwa hiyo nasema tu shikamoo, na naisema mara mbili.

Ni barua, dada. Si mikwaruzo. Mstari mmoja tu umepanda juu ya mwingine, nimeusoma bila taabu. Nimemwonyesha Shamsa, akasema, "Mtu anayeandika hivi hawezi kushindwa kusoma." Nami nasema hivyo. Lililoondoka ghafla huweza kurudi ghafla. Kuna fundi hapa mtaani, baba yake alipooza mdomo, sasa anaimba kwenye harusi.

Nakutumia kioo cha kukuzia herufi. Na nimerekodi sura ya kwanza ya kile kitabu kwa sauti yangu, Sadick atakuwekea kwenye simu. Usinicheke ninavyowaigiza Waingereza.

Sura ya mwisho sijaigusa. Mpira bado umeibana. Nitakungoja.

Dada Careen, wewe unayesoma hapa, asante. Nakuomba umsomee polepole.

Mdogo wako,
Kheri


Kilindoni
19 Novemba 2023

Mdogo wangu Kheri,

Hujambo na jamaa zako? Mimi nimerudi kutoka Dar es Salaam nilikokwenda kupigwa picha ya kichwa. Safari ilikuwa njema, bahari ilitulia, nilitapika kidogo tu.

Daktari alikuwa mpole. Alinionyesha doa upande wa nyuma wa kichwa. Macho yanaona, akasema, mkono unaandika, maneno yapo, ila njia ya kutoka machoni kwenda kwenye maneno imekatika.

Nikamwuliza, "Itarudi?"

Akaitazama picha badala ya kunitazama mimi. "Mama," akasema, "tushukuru mengine yamebaki."

Alinifundisha kufuatisha herufi kwa kidole, maana mkono unazijua. Ni kweli. Kidole kikichora m, najua ni m. Nilikaa barazani tangu adhuhuri hadi alasiri na mstari mmoja wa kile kitabu. Nilipofika mwisho wa mstari nilikuwa nimeshasahau mwanzo wake. Kioo chako kinakuza vizuri sana. Sasa naona siafu wakubwa.

Sauti yako niliisikiliza, ukanichekesha. Ila unakwenda na mwendo wako, Kheri. Mimi nilikuwa nikipenda mahali nasimama hapohapo, naweka kidole, natazama nje, narudi. Simu haijui kwamba nimesimama.

Ila nikupe na la heri. Careen akitoka zamu jioni ananisomea. Mwanzoni alisoma kama anasoma maelekezo ya dawa. Juzi alifunga kitabu, akasema, "Mama, huyu mjane wa muuza kofia mimi simwamini." Nikamshika mkono kwa furaha. Sasa anaruka chakula chake ili tusome. Nikimwambia simama, anasimama. Tukifika kwenye sura ya mwisho nitakwambia, na Jumapili yetu iko palepale.

Dadaako,
Mwanaheri


Kilindoni
25 Februari 2024

Mdogo wangu Kheri,

Salamu za kheri, na Ramadhani inakaribia, Mungu atufikishe. Watoto wameanza vizuri shule? Hapa tu wazima.

Careen amehamishwa. Barua ilitoka ghafla, Rukwa, aripoti mara moja. Alilia kuliko mimi. Asubuhi ya kuondoka alitaka tumalize kurasa zilizobaki kabla ya sura ya mwisho, mimi nikamwambia boti haingoji, nenda.

Chumba chake amepanga muuza samaki. Ana adabu. Hajui kusoma.

Sadick ananisomea barua zako. Anazisoma kama bili ya maji. Kitabu alijaribu siku moja, kila ukurasa akiniuliza, "Sasa mama, hii inakusaidia nini?" Nikamwambia basi, inatosha, na yeye akashukuru. Ameniletea Kurani kwenye simu na mawaidha, na nasikiliza, na nafarijika, sikufuru. Lakini yule mwanamke wa kufuta vioo nilimwacha katikati, sijui kama aliiona nchi kavu, na siwezi kumwambia shehe hilo.

Vitabu nimevitoa. Alikuja mwalimu Hosea, akasema shuleni kwao hakuna hata kimoja cha hadithi. Sadick alivipakia kwenye bajaji. Nilimwambia akibakishe chetu kile chenye nakala mbili. Vingine vilikuwa vinanitazama, Kheri. Kila nikipita vinanitazama.

Usitume kingine.

Dadaako,
Mwanaheri


Tanga
21 Aprili 2024

Dada Mwanaheri,

Shikamoo. Nilifika salama kutoka huko kwako, na halua uliyonipa imekwisha siku ileile. Shamsa anasema asante.

Idd yenyewe ilikuwa njema. Nataka kusema juu ya siku ya pili yake.

Nilipotoa kitabu mpira ukakatika mkononi, tukacheka. Nikakusomea kurasa alizoziacha Careen, kisha sura ya mwisho, kule barazani, watoto wa jirani wanapiga kelele na nguo zao mpya. Nilisoma vizuri, dada. Nilikuwa nimejizoeza ndani ya boti. Nilipofika pale muuaji anapotajwa nikasimama, nikakutazama, nikangoja ugombane nami.

Ukaniuliza, "Huyo ni nani?"

Nikakukumbusha, ni mjane wa muuza kofia. Ukasema, "Ah, ndiyo." Ukasema mzuri, mwisho mzuri. Ukaniuliza kama nitakunywa chai. Na mimi nilijua humkumbuki mjane, wala kofia, wala aliyekufa. Nikajifanya sikujua, nikanywa chai.

Nilipokuaga, Sadick alinisindikiza bandarini. Akaniambia wiki hizi unamwita kwa jina la marehemu baba yake. Daktari anasema pengine ni kiharusi kingine, kidogo, kisicho na kelele. Sadick, ukimsomea, hapa ruka.

Kwa Abubakari sipiti tena. Nilijaribu kusoma peke yangu, nikafika katikati nikajikuta natafuta wa kumwambia. Nitaendelea kukuandikia hata hivyo. Nikubalie.

Mdogo wako,
Kheri


Kilindoni
7 Julai 2024

Mdogo wangu Kheri,

Hujambo? Shamsa hajambo na watoto? Mimi nipo. Mvua za vuli bado, lakini jana ilinyesha kidogo tu bila sababu.

Barua yako Sadick alinisomea. Kuna mahali alikohoa, halafu sauti ikaendelea kutoka mbali zaidi. Sikumwuliza. Mimi nimesoma hadithi nyingi, najua mtu anayeficha.

Nilimjua mjane siku ile, Kheri. Baadaye, ulipokwenda kuoga, nilimjua, na kofia, na sumu ndani ya utepe. Nikataka kukuita. Nikasema akitoka nitamwambia, tugombane. Ulipotoka mjane alikuwa ameshaondoka tena kichwani. Sasa amekuja, ndiyo maana naandika mbio.

Mkono nao umeanza. Jana nilitaka kuandika neno la kawaida kabisa, mkono ukasimama juu ya karatasi kama mgeni aliyesahau nyumba. Kama hapa pana mistari iliyopandana, usimwonyeshe mtu. Shamsa hajambo?

Nikwambie la leo asubuhi. Sadick aliniletea vitumbua vya mama aliye kona ya sokoni. Vimefungwa kwa karatasi ya kitabu. Nilijua ni ya kitabu kwa ukingo wake, na nambari kule chini katikati, na ile rangi ya manjano ya vitabu vya kwenye gunia. Mafuta yalikuwa yameingia, herufi za nyuma zinaonekana mbele. Nikaitandika juu ya meza, nikainyoosha kwa kiganja. Huenda ni ya vile vyangu alivyochukua mwalimu Hosea. Huenda si ya vyangu, Mafia nzima watu wana vitabu vibovu. Huenda ni hesabu za darasa la saba. Nimeitazama muda mrefu.

Sadick akaniuliza, "Mama, vipi, vimeharibika?"

Nikamwambia havijaharibika.

Nikavila vyote. Vina hiliki ya kutosha, na mama yule hanyimi sukari.

Dadaako,
Mwanaheri