Wekundu kwenye Kibuyu cha Nyangeta

Jumatano, 20 Machi 1985

Majivu tena asubuhi. Nimepanda kigoda, nimeyamwaga juu ya majani yote yaliyotambaa kwenye paa la jiko. Vile vidudu vyekundu vikaruka, vikazunguka, vikarudi mbele ya macho yangu. Havina hata aibu. Nimevisaga kwa vidole mpaka kucha zimebadilika rangi. Sabuni dukani hakuna, hata ya magendo. Nimesugua mikono kwa mchanga na harufu haijatoka.

Mche wa kibuyu ni huu mmoja tu. Mbegu zingine nilizining'iniza juu ya moshi, panya wakazila. Ni mbegu ya marehemu mama, ya kibuyu cha shingo ndefu. Nyumbani kwetu binti haendagi kwa mume na kibuyu cha kununua. Nyangeta wangu anaolewa Butiama mwezi wa tisa, kwa watu wa ng'ombe. Mche usipozaa, anakwenda bila kibuyu cha maziwa, na mbegu ya mama imeishia hapo.

Sikubali.

Jumamosi, 23 Machi

Ua jike la kwanza lilifunguka jana jioni. Leo limetobolewa lote. Nimelia, kisha nimetukana. Nimetukana Kikwaya, Kiswahili hakikutosha.

Nimechemsha pilipili na tumbaku ya Baba Nyangeta. Tumbaku yote. Amenuna. Anune.

Jumapili, 31 Machi

Matawi. Padre kahubiri msamaha. Nimesikiliza vizuri. Nimerudi nyumbani nikakuta wekundu wawili wamepandana ndani ya ua. Kwaresima hii nimefunga nyama, kuua sijafunga.

Wifi yangu Nyachiro alipita, akacheka. Eti Musoma mjini bidhaa zimeanza kurudi, kuna majagi ya plastiki ya kila rangi, nimnunulie mtoto jagi yaishe. Jagi! Nyangeta akasema, "Mama usijisumbue, hata jagi linatosha." Alisema huku anaangalia pembeni. Anakitaka kibuyu, mimi si ndiye niliyemzaa?

Jumanne, 2 Aprili

Guta, kwa kaka Masatu. Lori limenivunja mgongo. Yeye analima pamba, dawa ya wadudu hakosagi. Kanipa kidogo kwenye chupa. "Dada, piga asubuhi jua likishapanda, maua yakiwa yamefumba. Piga majani tu. Jioni usiguse."

Nimemwitikia ndiyo, ndiyo. Kichwani nawaza jambo moja: wekundu wanalala wapi. Wanalala ndani ya maua.

Jumatano, 3 Aprili

Nimefika nyumbani alasiri. Asubuhi ya kesho ningeingojaje? Bomba la kupulizia sina. Nimejifunga kitambaa puani, nimengoja maua yafunguke, nimechovya ufagio kwenye dawa. Ua moja baada ya jingine, mpaka ndani kabisa. Wakaanguka! Wakaanguka kama mvua! Nimecheka peke yangu kama kichaa. Mikono inawasha, kichwa kinagonga. Raha tupu.

Jumatatu, 8 Aprili

Pasaka njema kuliko zote. Mwekundu haonekani hata mmoja.

Nilipofagia chini ya paa nikakuta nyuki. Wengi, wamekauka, miguu juu. Na nondo. Nimewazoa pamoja na wekundu waliokufa, nikatupa.

Jumamosi, 13 Aprili

Maua mazima, meupe, mazuri. Kila jike limebeba kibuyu chake kidogo chini. Kesho yake kinageuka njano, kinaanguka. Hakuna kilichotafunwa. Nimeokota kimoja, nimekigeuzageuza, ndipo nikawakumbuka nyuki. Wao ndio walikuwa wanachukuaga unga wa ua dume na kuupeleka kwa jike. Nimewaua kwa ufagio wangu mwenyewe.

Masatu aliniambia. Nilimsikia. Mjinga mimi, mjinga kabisa. Hasira ninayo tele na sina wa kumpelekea.

Nyachiro kaleta jagi. La bluu. Nimelipokea.

Jumapili, 14 Aprili

Jioni nimepanda kigoda. Nimechuma ua dume, nimelimenya majani yake meupe, nimelisugua taratibu ndani ya jike. Kisha jingine. Nyangeta alikuja kushika kigoda.

"Mama, unafanya nini?"

"Kazi ya wale niliowaua."

Hakucheka. Akaniambia nishuke nipumzike, akachuma dume lingine, akapanda yeye.

Jumatatu, 22 Aprili

Vimeanguka karibu vyote. Kimoja cha upande wa mlangoni kimeshika. Kimefika ukubwa wa ngumi, kina vinyweleo. Nimekifunika na kipande cha kanga. Ole wake atakayekigusa, mdudu au mtu.

Jumamosi, 14 Septemba

Nyangeta amekwenda kwa mume. Kibuyu kilikauka bila ufa. Jana alikikata mdomo mwenyewe, akamwaga mbegu kwenye ungo, akagawa, zake na zangu. Leo kakibeba kwapani njia nzima hadi kwenye gari. Jagi la shangazi yake lilikwenda ndani ya ndoo, pamoja na vijiko.

Nimepika ugali mwingi mno. Nimesahau kwamba tumebaki wawili.

Ijumaa, 13 Desemba

Mche mpya umefika paani. Nyangeta katuma salamu kutoka Butiama, kibuyu hakivuji, mkwe wake anakitumia kila siku.

Jioni maua yamefunguka. Nikamwona mwekundu ndani ya moja. Nikainua mkono. Kumbe na nyuki yumo humo humo. Nikaushusha. Nimesimama juu ya kigoda mpaka nyuki akamaliza shughuli yake akaruka.

Ndipo nikamtoa yule mwekundu, nikamsaga.