Ulisema Mwenyewe: "Refa, Nimegusa"

Kwenye cheti imeandikwa ulituacha Jumatano, tarehe ishirini na tatu Novemba, na leo mwaka umetimia. Sisi hesabu yetu inaanza nyuma ya hapo, Mama Chaki. Inaanza Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Machi, saa tisa na robo alasiri, ukumbi wa chama cha snuka, meza ya kwanza. Siku hiyo ndiyo walikumaliza. Novemba ilikuja kukamilisha tu.

Wengi walikujua na kizibao cheusi na fimbo mkononi. Mumeo alikukuta na pasi. Ulikuwa mfanyakazi wa klabu, kazi yako kupiga brashi kitambaa cha meza za snuka na kukinyoosha kwa pasi kila asubuhi ili mipira isipotee njia. Yeye, fundi seremala, aliitwa kutengeneza kabati la kuwekea fimbo, akatua nyundo yake juu ya meza.

"Fundi, toa hiyo nyundo. Kitambaa kikichanika, hata tukuuze wewe na nyundo yako hatupati kingine."

"Dada, mimi natafuta mke, sina ugomvi na meza."

"Basi toa nyundo kwanza, halafu utafute."

Akaitoa. Hadi leo anasema hiyo ndiyo amri pekee aliyowahi kuitii bila kunung'unika.

Ulijifunza kabla wateja hawajafika, wewe na meza tupu. Wanaume wa pale walikucheka, kisha mmoja mmoja wakaacha kucheka, maana ulikuwa unawafunga. Miaka kumi na moja ulikuwa mchezaji wa kulipwa. Mwanzoni ulisafiri na viatu vya kuazima kwa wifi yako, umejaza karatasi kwenye ncha. Uliporudi na kikombe cha kwanza ulikiweka jikoni ukatilia vijiko, ukasema angalau kifanye kazi.

Chaki, ile ya kupaka ncha ya fimbo, ilikuwa kila mahali. Mifuko ya aproni, chini ya mto, ndani ya kopo la chumvi siku moja. Mashati ya mumeo yalitoka kwenye beseni na madoa ya buluu, wateja wakamwuliza kama siku hizi anafundisha shule. Yeye aliyeishia darasa la tano!

Na hukuweza kudanganya, hilo lilikuwa kama ugonjwa kwako. Mkicheza karata na mama mkwe wako, katikati ya mchezo ungeziweka chini. "Mama, nisamehe, nimechungulia za kwako." Naye angekukazia macho. "Mwanangu, kwa mtindo huu hutamfunga hata paka."

Sasa hiyo Jumamosi. Wasiojua mchezo wafahamu hivi: ukigusa mpira kwa mkono au kwa nguo, ni faulo, na mchezaji anayejiheshimu anasema mwenyewe hata kama refa hakuona. Kanuni ndivyo inavyotaka. Ilikuwa fremu, yaani duru, ya mwisho, atakayeshinda aende mashindano ya dunia. Ilibaki mipira minne, na mpinzani wako alishaanza kufungua tai. Uliinama juu ya mpira wa buluu kuufikia mwingine, mkono wa shati lako ukaupitia. Mpira ulitikisika, ukatulia palepale. Refa alikuwa nyuma yako.

Ukasimama wima. "Refa, nimegusa. Buluu."

"Mimi sijaona, mama. Endelea."

"Mimi nimeona."

Ukumbi mzima ukaguna. Mpinzani akapewa pointi tano, akainuka, akamaliza mipira yote. Ulimpa mkono, ukaja kukaa karibu na mumeo ukamwambia, "Twende nyumbani, nina njaa." Ungekula, ungelala, ungeanza upya. Tulikujua.

Wakubwa wa chama hawakukuacha uanze upya. Wiki mbili baadaye wakakuita. Watu wanne nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na chupa yake ya maji, mwenyekiti katikati. Mumeo alikaa kwenye benchi la ukutani, akiwa na kofia yake magotini. Katibu ndiye alianza.

"Miaka ishirini nipo hapa, sijaona mtu anajishtaki mwenyewe akiwa anashinda. Nani alikununua?"

"Hakuna. Kanuni ndivyo inavyosema. Mmeiandika wenyewe."

"Usitufundishe kanuni."

"Basi mwulizeni yeyote aliyekaa mbele siku ile. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa kiti cha kwanza, upande wa buluu."

Mwenyekiti akafungua chupa yake, akanywa, akafunga. Wakakufungia miaka miwili kwa kuuza mechi.

Ulikata rufaa. Wakajibu itasikilizwa kikao kikipatikana. Kikao hakikupatikana Mei, hakikupatikana Julai, na Septemba tumbo lako lilikuwa limeanza kuvimba kwa ugonjwa, ukalazwa. Pale wodini hukuuliza habari za dawa. Ulimwuliza mumeo, "Wamejibu?" Kila siku. Siku ya mwisho kabisa ulisema, "Mimi kufa ni kufa tu. Nisife mwizi." Akakuahidi. Ahadi hiyo ndiyo inayomtoa kitandani asubuhi.

Msibani walikuja, unaweza kuamini? Wanne walewale, suti zilezile, shada la maua kubwa kuliko mlango. Mwenyekiti akaomba kusema machache. Akasema mbele ya watu wote, mbele ya jeneza lako, kwamba ulikuwa mfano wa ukweli. Kwamba alikuwa hatua tatu kutoka kwako, na kwa macho yake aliuona ule mpira ukitikisika kidogo sana, akajisemea moyoni, mtu wa namna hii hapatikani tena. Watu wakapiga makofi. Mumeo alikwenda nyuma ya nyumba akatapika. Si kwa huzuni. Alitapika kama mtu aliyelishwa uchafu.

Mwezi uliopita wameleta barua. Wanaanzisha Kombe la Uaminifu, litaitwa kwa jina lako, tuwapelekee picha nzuri, ikiwezekana yenye kizibao. Mumeo akavaa viatu akaenda ofisini kwao. Tangazo la kukufungia bado limebandikwa ukutani pale, na picha yako juu yake. Akamwuliza karani rufaa yako imefikia wapi.

"Mzee, marehemu hawezi kukata rufaa."

"Ila kombe anaweza kutoa?"

"Hilo lipo idara nyingine."

Picha hatujawapa na hatutawapa. Hilo jina waliloliandika mwizi wasilichonge kwenye bati kabla hawajalisafisha. Wakitaka uaminifu wautafute kwao kwanza, waone kama watapata hata wa kujaza kijiko.

Unakumbukwa na mumeo, fundi. Mama mkwe wako, ambaye sasa anacheza karata peke yake na anasema hamna raha. Binti zako wawili. Wifi yako mwenye viatu. Na wale wasichana sita uliokuwa ukiwafundisha Jumapili. Hao wameshaelezwa kila kitu, na bado wakigusa mpira wanasema. Hutatoka midomoni mwetu, Mama Chaki, siku zote tulizobakiza.

Na wewe Mwenyekiti, tunajua gazeti hili unalisoma. Barua tatu hukujibu, basi tunakuuliza hapa, watu wasikie: kama uliuona mpira ukitikisika, siku ile mke wa mtu alipokutaja kuwa shahidi wake, kwa nini ulikunywa maji?