Viti vya Mbele vya Boti

Mama Ng'washi,

Uji uko jikoni, ufunike. Mbuzi wasipande kwenye boti. Tangu nikate mfuniko wa mbele wanajiona wamejengewa zizi. Lori la wale wanunuzi wapya wa pamba linaibeba boti keshokutwa kwenda ziwani Lamadi.

Asubuhi nimetoka na bisibisi nikafunge viti, sivioni. Nakuuliza, unanijibu, "Nimewaazima wafiwa kwa Mboje. Boti ina haraka gani, Bariadi kuna ziwa?" Mama wee! Viti vile vimepinda kufuata mbavu za boti. Wazee wa watu wamekaa magoti yanagongana kama wanagombana! Na nani alilalamika kwamba kule nyuma moshi wa injini unamtapisha? Si wewe? Nimepasua pua ya boti nzima ili ukae mbele, upate upepo.

~~Naenda kuvidai.~~ Msibani hakudaiwi kiti. Naenda kuvikalia mpaka matanga yaishe. Lori likiwahi, dereva anisubiri.

Blanketi nimechukua lako. Mchana niletee ugali, na ukifika ukalie kile cha kushoto. Nilikipima kwa ajili yako.

Mumeo,
Baba Ng'washi