Mama Mkwe na Sehemu ya Mwisho

Jumapili, 9 Juni
Mume wangu Othmar kaondoka tena na lori la mahindi, kwenda Kitai. Mama yake kaniachia mimi. Tangu kiharusi kimpige baada ya Pasaka, upande wa kulia umekufa, ulimi mzito. Macho ndiyo bado yanaamrisha. Tumeanza tamthilia mpya ya Kikorea, imetafsiriwa Kiswahili, Masoudi wa dukani kaniwekea yote kwenye flashi. Kuna mama mkwe tajiri humo, anammwagia mke wa mwanawe maji usoni. Mama akacheka kwa nusu ya mdomo. Mimi sikumwagiwa maji. Ulikuwa uji, tena wa moto.

Jumanne, 11 Juni
Umeme ulikatika pale pale kijana anafungua bahasha ya hospitali ajue mama yake mzazi ni nani. Mama akalia. Machozi kabisa — mwanamke ambaye hakulia siku ya kumzika mumewe! Umeme uliporudi nikamwambia flashi imegoma. Haikugoma. Nikaenda kuanika kahawa huku naimba.

Jumatano, 12 Juni
Leo nimezima mwenyewe. Dakika za mwisho, kama jana. "Subira, mama." Neno lake hilo. Miaka yote niliyokosa mtoto aliniambia subira, kumbe anamtafutia Othmar mwanamke Lituhi. Mtoto wa huko sasa anasoma darasa la pili.

Ijumaa, 14 Juni
Wifi Edina kaja kutoka Namswea na maharage. Anasema mama amekonda. Nikasema anakataa kula. Kweli anakataa — mpaka niwashe. Akimaliza bakuli, nazima. Wale Wakorea wanavuta tambi kwa kelele, yeye anameza uji na kukodoa macho. Edina kanishukuru, eti wake wengine wangeshakimbia. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Jumapili, 16 Juni
Baada ya misa nikachomeka flashi kwenye simu, nikajifungia chumbani, nikaitazama sehemu ya mwisho peke yangu. Mama mkwe tajiri anapiga magoti kwenye ngazi, mvua inanyesha, anaomba radhi. Yule mke wa mwanawe anamwinua. Nililia kama mjinga. Halafu nikatoka nikakaa pembeni ya godoro. "Mama, niombe radhi na wewe. Neno moja tu. Nitakuwashia." Alinielewa. Akageukia ukuta.
Basi. Flashi nimeifunga kwenye pindo la khanga.

Jumatano, 19 Juni
Kiharusi cha pili, jana asubuhi. Hospitali wamesema tukae naye nyumbani. Othmar kafika na vumbi lake lote. Leo mchana padri kaja kumpaka mafuta, jumuiya wamejaa sebuleni, na mama ana neno moja tu. "Mwisho." Kisha tena, "Mwisho."
Padri akasema ni neema, mgonjwa ameupokea mwisho wake. Othmar akalia kwa sauti. Edina akaanzisha wimbo.
Kidole chake cha kushoto kikanyooka. Wakadhani anaonyesha picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, juu ya televisheni. Othmar akaishusha, akamlazia kifuani. Mama akaisukuma mpaka ikaanguka.
"Tadea," Othmar akaniambia, "wewe ndiye unayemwelewa. Anataka nini?"
Wote wakanigeukia. Padri naye.
"Anawaaga," nikasema.
Mama alisikia. Aliacha kunyoosha kidole, akanitazama mimi tu, muda mrefu, wale wengine wakiimba. Nikaja huku jikoni.

Nimebandika chai ya watu. Sauti yake inafika hadi hapa, na neno limebadilika. Sasa ni "Ni... ni..." halafu pumzi inakata. Niwashie? Nisamehe? Anarudia tangu mwanzo, kwa shida kubwa. Wimbo wameukatisha ili wamsikie.
Othmar ananiita nikawaambie anasema nini. Ameita mara ya pili sasa.
Maji hayajachemka.